Fyuzi au Sakiti Breka? Ulinzi wa Umeme katika Ndege Zinazoundwa Nyumbani

Utangulizi

Uundaji wa ndege nyumbani umekita mizizi hasa nchini Marekani, ambako chama cha Experimental Aircraft Association kimewaunganisha wapenzi wa shughuli hii tangu kilipoasisiwa mwaka wa 1953. Sheria za huko humruhusu raia kuirusha ndege kama hiyo mradi sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu waliokusudia kujielimisha au kujiburudisha. Ndege hizi hazifungwi na kanuni zote za usanifu zinazovifunga viwanda. Kwa hivyo, mambo mengi huachiwa mwundaji mwenyewe ayaamue. Mojawapo ni hili: je, nyaya za umeme zilindwe kwa fyuzi, au kwa swichi inayojikata yenyewe, ambayo mafundi huiita sakiti breka? Makala haya yanafafanua tofauti ya vifaa hivyo viwili. Aidha, yanaonyesha kwamba kwa mifumo ambayo uhai wa rubani unaitegemea, kuna swali lililo zito zaidi: umeme ukikatwa angani, ndege itaendeleaje kuruka?

Kinacholindwa ni waya

Wengi hudhani kwamba fyuzi huwekwa ili kukilinda kifaa, kwa mfano redio au pampu. Dhana hii si sahihi. Mara nyingi, fyuzi inapoungua, kifaa chenye hitilafu huwa kimekwisha kuharibika. Kinacholindwa ni waya. Plastiki inayoufunika waya ikichubuka na shaba ikagusa bodi ya ndege, mkondo mkubwa hutoka kwenye betri na kupita humo ghafla. Usipokatwa, plastiki huyeyuka, moshi hutanda, na moto huweza kuwaka mahali ambapo mkono wa rubani haufiki.

Ndiyo maana ukubwa wa fyuzi hutawaliwa na unene wa waya. Kwa vipimo vya Marekani, waya wa namba 22 huwekewa kinga ya ampea 5, na wa namba 18, ambao ni mnene zaidi, ampea 10. Mzigo nao huzingatiwa. Pampu inayotumia ampea 5 mfululizo haifai kuwekewa fyuzi ya ampea 5, kwa kuwa fyuzi huchoshwa na mzigo unaokaribia kikomo chake. Fyuzi ya ampea 7.5 pamoja na waya wa namba 18 huacha nafasi ya kutosha. Vilevile, kinga huwekwa karibu na chanzo cha umeme, kwani kipande cha waya kilicho kati ya chanzo na fyuzi hakina mlinzi.

Sifa za vifaa hivi viwili

Fyuzi bapa, kama zile za magari, ni nyepesi na za bei nafuu. Hazina sehemu inayosogea, na hukata upesi panapotokea hitilafu kubwa. Kasoro yake ni kwamba ikiungua haina budi kubadilishwa. Sakiti breka, kwa upande wake, aghalabu huwa na kipande cha metali ambacho hupinda kinapopashwa joto na mkondo, kikaifyatua swichi. Huwa nzito na ghali zaidi, tena hukawia kidogo. Hata hivyo, rubani huiona mbele yake, na zile zenye kitufe cha kuvuta humwezesha kukata umeme kwa mkono anaposhuku hatari. Zaidi ya hayo, anaweza kuirejesha.

Uwezo huo wa kurejesha ndio wenye mtego. Mnamo Julai 10, 2007, ndege aina ya Cessna 310 iliyotoka kiwandani ilianguka huko Sanford, Florida, ikawaua watu 2 waliokuwamo na 3 waliokuwa ardhini. Siku iliyotangulia, rubani mwingine alikuwa amenusa harufu ya kuungua, akavuta breka ya rada ya hali ya hewa, na harufu ikatoweka. Ndege iliruka tena bila hitilafu hiyo kutengenezwa. Wachunguzi walihitimisha kwamba yaelekea breka hiyo ilirejeshwa, na kwamba jambo hilo lilichangia moto uliozuka. Dalili ya mvua ni mawingu. Breka iliyokata umeme imekwisha kutoa habari, na kuirejesha bila kujua kiini cha hitilafu ni kuipuuza habari hiyo.

Mifumo isiyoweza kukosekana

Injini ya kawaida ya ndege ndogo hupata cheche kutoka kwa magneto, ambazo hujizalishia umeme wake zenyewe. Umeme wote wa ndege ukipotea, injini hiyo huendelea kunguruma. Hali ni tofauti kwa injini zenye uwashaji wa kielektroniki na pampu za mafuta za umeme, ambazo waundaji wengi huzipendelea. Hapo, fyuzi moja inaweza kuizima injini.

Mwandishi Robert Nuckolls, katika kitabu chake The AeroElectric Connection, alishikilia kwamba ndege isanifiwe hivi kwamba hakuna kifaa kimoja ambacho kuharibika kwake kutaleta maafa. Kwa mujibu wa msimamo huo, pampu mbili hazishiriki fyuzi moja, mifumo miwili ya cheche haishiriki waya mmoja, na ukanda unaogawa umeme kwa vifaa vya lazima hupata umeme kwa njia mbili. Yakitimizwa hayo, rubani hana haja ya kupapasa fyuzi gizani. Huwasha pampu ya pili na kutafuta pa kutua. Breka hubaki na nafasi yake maalumu. Mfano ni sakiti inayoamsha sumaku ya altaneta, ambapo kifaa cha kuzuia volteji kupita kiasi huifyatua breka kwa makusudi.

Hitimisho

Imebainika kwamba fyuzi na sakiti breka zote hulinda waya ipasavyo zikichaguliwa kwa kipimo. Hakuna hata moja kati yazo inayolinda safari. Safari hulindwa na njia ya pili iliyoandaliwa mapema. Mwundaji anaweza kuthibitisha jambo hili kabla ya kuruka: injini ikinguruma ardhini na ndege ikiwa imefungwa imara, akate umeme wa sakiti moja baada ya nyingine. Sakiti ikikatwa na injini ikazimika bila njia nyingine ya kuiendesha, ndege hiyo bado haijawa tayari kuondoka ardhini.