MCHORAJI WA WAFANYAKAZI AONWE NA WAFANYAKAZI

Marehemu Sam Joseph Ntiro, mchoraji aliyezaliwa Machame mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993, anastahili maonyesho makubwa ya kumkumbuka. Hilo halina ubishi. Tunalotaka kusema ni mahali: maonyesho hayo yasiishie Dar es Salaam, bali yafike Kidatu.

Ntiro alisoma na kufundisha Makerere, akaongeza masomo London, na baada ya Uhuru wa 1961 akarudi huko akiwa balozi wa Tanganyika. Lakini cheo hakikumtenga na kijiji. Alichora watu wakilima, wakivuna na wakijenga kwa pamoja, vilima na migomba ikiwazunguka. Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York lilijipatia picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Mkata miwa wa Kidatu ataiona wapi?

Kidatu tumeitaja kwa makusudi. Huko mashamba ya miwa huchomwa moto kwanza, kisha wakataji huingia na mapanga, nao hutoka wamejaa masizi. Huko maji ya Ruaha Mkuu yamezuiwa kwa bwawa, na mitambo yenye uwezo wa megawati 204 huyatumia kutoa umeme. Watu wa kazi hizo ndio mahakimu wa Ntiro. Wanajua jinsi mgongo wa mtu aliyeinama tangu alfajiri unavyokuwa ifikapo saa nane mchana. Wataona mara moja kama mchoraji amesema kweli.

Wapo watakaosema ya kuwa mfanyakazi anahitaji mshahara, si picha. Mshahara anauhitaji, tena wa haki. Lakini hatuoni sababu ya kumpa kimoja na kumnyima kingine.

Wala jambo lenyewe si gumu. Joto na unyevu wa bonde huweza kuziharibu picha zenyewe. Basi zitengenezwe nakala nzuri, zitundikwe ukumbini au shuleni siku ya mapumziko. Maelezo yawe kwa Kiswahili, na kiingilio kisiwepo. Watoto wapewe karatasi na rangi, wawachore wazazi wao kazini.

Ntiro aliichora migomba ya kwao. Miwa ya Kilombero nayo yastahili mchoraji wake, na huenda akawa mmoja wa watoto hao.