Aiwa ilivyotoweka Pwani na kuacha kanda bila mashine

JINA la Aiwa, lililokuwa likimeta kwenye kabati za sebule nyingi za Mwambao katika miaka ya tisini, leo ni nadra kuonekana katika maduka ya vifaa vya umeme kutoka Mtwapa hadi Malindi. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka wa 2000 huenda akadhani ni lile neno la Kiarabu tu, lenye maana ya “ndiyo”. Kwa wazazi wake lilikuwa jina la mtambo wa muziki wenye spika mbili, redio, nafasi mbili za kanda na, kwa waliojaliwa zaidi, sahani tatu za CD zilizopokezana zenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba mtambo huo ulitoweka kwa sababu watu waliuchoka. Huo ni upande mmoja tu wa mambo. Upande wa pili uliamuliwa Tokyo, katika vitabu vya hesabu, na hata mteja mwaminifu wa Kaloleni au Mambrui hangeweza kuuzuia.

Kampuni ya Aiwa ilianzishwa nchini Japani mwaka wa 1951. Philips ya Uholanzi ilipoionyesha dunia kanda ndogo ya kaseti mwaka wa 1963, Aiwa haikuchelewa. Mwaka uliofuata ilitoa mashine ya kwanza ya Kijapani ya kurekodi kwa kanda hiyo. Mnamo 1969, Sony ilinunua sehemu kubwa ya hisa zake, lakini ikaiacha iendelee kuuza kwa jina lake yenyewe. Hivyo basi, kwa zaidi ya miaka 30, mnunuzi aliyesimama dukani akipima Sony kwa Aiwa alikuwa akichagua baina ya mama na mwana bila kujua. Mwana ndiye aliyeuza kwa bei nafuu. Kufikia miaka ya tisini, sehemu kubwa ya mitambo yake haikuundwa Japani bali Malaysia, Singapore na kwingineko ambako gharama ilikuwa ya chini, na sifa yake ilikuwa ni mdundo mzito ambao bei yake haikutisha.

Huku Pwani mitambo hiyo ilifika kwa njia mbili. Kwanza, Kenya ililegeza masharti ya uagizaji bidhaa na ya fedha za kigeni mapema katika miaka hiyo ya tisini, na maduka ya Mombasa yakapata mali kwa wingi. Kutoka Mombasa kwenda Malindi barabara nayo ilikuwa imefunguka, kwa kuwa daraja la Kilifi lilikamilika mwaka wa 1991 na kumaliza enzi ya kungojea feri kwenye hori. Daraja hilo lilijengwa kwa ufadhili wa Japani, kwa hivyo bidhaa za Kijapani zikawa zapita juu ya kazi ya Wajapani.

Njia ya pili ni jamaa waliofanya kazi Ghuba. Aliyerudi likizo kutoka Dubai, Muscat au Jeddah aliona haya kurudi mikono mitupu, na kasha la mtambo wa muziki lilikuwa ushahidi ambao majirani wote wangeuona likishushwa. Baadhi ya mitambo iliyotengenezewa masoko hayo ilikuwa na kitufe kidogo mgongoni cha kuchagua nguvu ya umeme. Saudi Arabia ilitumia umeme wa volti 127 katika nyumba nyingi, ilhali Kenya hutumia 240. Aliyesahau kukigeuza kitufe hicho aliuona moshi kabla ya kuusikia wimbo.

Hata hivyo, kilichoufanya mtambo huo uwe zaidi ya pambo ni zile nafasi mbili za kanda. Upande mmoja ulicheza na upande wa pili ukarekodi, tena kwa kasi maradufu ukitaka. Nyumba yenye mtambo kama huo ilikuwa kiwanda kidogo cha kunakili.

Na Mwambao ulikuwa na mengi ya kunakili. Kanda za taarabu zilizotolewa na Mbwana Radio Service ya Mombasa ziliuzwa madukani, zikiwa na sauti za akina Zuhura Swaleh na Maulidi Juma. Lakini sehemu kubwa ya taarabu ya Kimvita haikupata kuingia studioni. Iliimbwa harusini, usiku kucha, na waliohudhuria walizipanga redio zao za kaseti karibu na vipaza sauti wakarekodi. Nyimbo nyingi za Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, zilisambaa kwa njia hiyo. Ndani ya kanda hizo mnasikika pia vigelegele, mtoto anayelia na mtu anayeitwa kwa jina aje kutunza. Kanda moja ikinakiliwa kwa jirani, na jirani akamnakilia shemejiye, harusi ya Malindi husikilizwa Lamu na hatimaye Muscat.

Si taarabu pekee. Maulidi, kasida, mawaidha ya masheikh, kwaya za makanisa ya Rabai na Kaloleni, ngoma za mwanzele na gonda za Wagiriama, zote ziliingia kandani. Kuna hata barua zilizosemwa badala ya kuandikwa, mama akimsimulia mwanawe aliye ng’ambo habari za nyumbani, dakika 30 kila upande.

Turejee Tokyo. Mwishoni mwa miaka ya tisini, Aiwa ilijikuta imebanwa. Silaha yake ilikuwa bei, na viwanda vya China sasa viliweza kuuza kwa bei ya chini zaidi. Kwa upande wa vifaa vya kidijitali haikuwa na jipya la kuwashinda wenzake. Hasara ikawa kubwa, maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa, na mwaka wa 2002 Sony ikainunua yote na kuimeza. Mwaka wa 2003 Sony ilijaribu kulipamba jina hilo kwa nembo mpya. Jaribio halikufua dafu, na kufikia 2006 bidhaa za Aiwa ziliondolewa sokoni.

Wakati uo huo, huku nyumbani sebule zilikuwa zikibadilika. CD moja yenye nyimbo za MP3 zaidi ya 100 iliwafanya watu waone kanda kama mzigo. Kisha ikaja flashi, kisha simu ya mkononi, na kabati likaachiwa sabufa ya Kichina na runinga bapa. Mdundo mzito wenyewe ulihamia nje, katika matatu na katika disko matanga, zile ngoma za usiku kwenye mazishi ambazo wakuu wa serikali Kilifi wamezipiga marufuku mara kadhaa wakizihusisha na mimba za wasichana wa shule. Anayeendesha muziki huko hahitaji kanda. Humtosha kompyuta ndogo na spika zenye urefu wa mtu.

Aiwa haikuwa peke yake. Sanyo iliingia mikononi mwa Panasonic mwaka wa 2009. Majina ya Akai na Sansui yalinunuliwa na kukodishwa kwa watengenezaji wengine. Ifahamike kwamba jina la kibiashara huuzwa kama kiwanja: mwenye hati ndiye anayejenga, hata kama hana uhusiano wowote na nyumba iliyobomolewa. Aiwa yenyewe ilifufuliwa kwa mtindo huo mwaka wa 2017, pale kampuni ya Towada Audio ya mkoa wa Akita, Japani, ilipopata haki za jina kutoka kwa Sony. Marekani kuna kampuni nyingine inayolitumia. Kwa hivyo anayekutana leo na spika mpya yenye maandishi hayo asidhani kwamba ni mwana yule yule wa Sony. Hiyo ni biashara halali, ila ubora wake upimwe upya.

Tatizo ni kwamba kanda zilizorekodiwa bado zimo katika makasha chini ya vitanda, na mashine za kuzichezea zinakufa moja baada ya nyingine. Hewa ya bahari hula miguso ya shaba kwa chumvi. Unyevu huotesha ukungu kwenye utepe. Ndani ya mtambo mna vimpira vinavyozungusha magurudumu, navyo vikizeeka hulegea au huyeyuka vikawa kama lami, ndipo muziki huanza kuburura au mashine humeza utepe. Fundi mzoefu anaweza kubadilisha vimpira hivyo na kusafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Mtambo mwingi unaodhaniwa umekufa una ugonjwa huo tu, kwa hivyo usiharakishe kuuza kwa vyuma chakavu.

Anayetaka kuokoa kanda zake aanze kwa kuvunja vile vijino viwili vidogo vilivyo mgongoni mwa kila kanda, ili mtu asiifute kwa kubonyeza kitufe cha kurekodi. Ukungu ukionekana, kanda isichezwe hadi isafishwe, maana hupaka kichwa na kuambukiza nyingine. Waya mmoja kutoka tundu la vipokea sauti vya masikioni hadi tundu la kurekodia la kompyuta watosha, pamoja na programu ya bure kama Audacity.

Utepe wa kaseti hupita kwa kasi ya takriban sentimita 4.76 kwa sekunde, na kanda ya dakika 90 itachukua dakika 90 kunakiliwa kwa njia hii. Mwenye kasha zima atalazimika kuchagua, na hapo ni bora kuziweka kando zile zilizonunuliwa dukani, kwani huenda nakala zake zikapatikana kwingine. Zitangulie zile zilizoandikwa kwa kalamu: harusi ya fulani, maulidi ya mwaka fulani, sauti ya nyanya.