KITAMBI CHA DEREVA SI DALILI YA NEEMA

Wapo watu ambao wakimwona dereva wa lori la masafa marefu akishuka garini, tumbo limemtangulia, humcheka na kusema kwamba amekula fedha za safari. Wengine humsifu, wakidhani kuwa unene ni alama ya neema. Sisi twasema wote wamekosea. Kitambi kile, mara nyingi, ni jeraha la kazi, sawasawa na kidole kilichokatwa na mashine kiwandani. Tofauti ni kwamba jeraha la mashine hutoka damu siku ile ile, na jeraha la usukani huchukua miaka.

Neno hili lina ushahidi. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika gari moja. Lakini dereva alikaa kitako kutwa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Ikaonekana kwamba madereva walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta, na vifo vya ghafula vilikuwa vingi zaidi kwao. Mwaka 1956 hata sare zao zilichunguzwa, na suruali za madereva zikaonekana pana zaidi kiunoni. Kukaa kitako si sababu pekee ya maradhi hayo, lakini ni sababu isiyofaa kupuuzwa.

Sasa na tumtazame dereva wetu. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpaka wa Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na wengi huendelea hadi Zambia na Kongo. Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Iringa, Mbeya: kote huko amefungwa kitini. Njaa humshika usiku, na kilicho tayari kando ya barabara ni chipsi mayai na soda. Soda ya mililita 350 huwa na sukari gramu 35 hivi, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na afadhali ipungue hadi 25. Basi kwa chupa mbili tu, dereva amekwisha vuka mpaka kabla ya lori lake!

Matokeo yake ni kisukari, shinikizo la damu na kiharusi. Tena liko jambo lisilosemwa sana. Mtu mnene aweza kuzibwa njia ya pumzi alalapo. Hukoroma, hukatika pumzi mara nyingi usiku, akaamka hoi, kisha akasinzia mchana. Akisinzia usukanini, hafi peke yake. Yuko abiria wa basi linalokuja mbele, na yuko mtoto anayevuka barabara kwenda shule.

Afanyeje, basi? Kwanza, maji yachukue nafasi ya soda. Pili, jiko na sufuria visafiri naye, kama wengi wafanyavyo tayari: ugali wa kiasi, maharage, dagaa na mchicha, na chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Tatu, atembee kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa juma. Hizo ni dakika 150 zinazoshauriwa, na foleni ya mpakani ina nafasi tele ya kutembea. Nne, apime kiuno, kwani mwanamume aliyepita sentimita 94 amekwisha onywa. Apimwe pia damu. Shinikizo likifika 140 kwa 90 amwone mganga, na dawa alizoandikiwa asiziache nyumbani.

Lakini haifai kumtwisha dereva mzigo wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na saa 12 za kupumzika kati ya kazi ya leo na ya kesho. Ratiba isiyoacha saa ya kula wala ya kulala ndiyo inayompeleka dereva kwenye chipsi za usiku wa manane. Kumhubiria mtu huyo habari za mchicha, huku saa zake zimenyang'anywa, ni kumdhihaki. Vyama vya wafanyakazi havina budi kuzidai saa hizo, na madereva wenyewe hawana budi kuzitumia vema.

Hakuna tajiri anayeliacha lori lake likimbie mwaka mzima bila kubadilishwa oili, kwa kuwa ajua gharama ya injini. Mtu aliyeshika usukani hana vipuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu twauona kila siku, umekaa mbele ya macho yetu, umefungwa mkanda.