Je, Wajua? Okapi, Kapiteni na Damu ya Bwamba

Mjadala wa mageuko ya viumbe ukiibuka Bunia, mara nyingi huishia palepale: mmoja anauliza kama babu yake alikuwa nyani, mwingine anafungua Kitabu cha Mwanzo, na kila mtu anaondoka na alichokuja nacho. Ushahidi wenyewe hautazamwi. Na si kwamba uko mbali. Upo katika msitu wa Epulu, upo kwenye beseni za samaki wanaopanda kutoka Tchomia na Kasenyi, na mwingine unazunguka kwenye mishipa ya watu wanaoishi kando ya Semliki.

Je, wajua kwamba okapi, huyu aliyeipa jina Redio Okapi, alianza kuandikishwa na wanasayansi kama farasi? Mwaka 1900 Harry Johnston, mwakilishi maalumu wa Uingereza nchini Uganda, alivuka Semliki kuwarudisha kwao Wambuti waliokuwa wamechukuliwa na Mjerumani mmoja ili wakatazamwe kwenye maonyesho ya Paris. Wambuti hao walimweleza habari za mnyama wa msituni ambaye Wazungu hawakuwa wakimjua. Huko Beni, kwenye ngome ya Wabelgiji, alipata vipande vya ngozi yenye mistari ambavyo askari walikuwa wameshavigeuza mikanda. Akavituma London. Philip Sclater alivitazama akakata shauri kwamba huyu ni wa ukoo wa punda milia, na akamwita Equus johnstoni.

Wambuti walikuwa wamempa Johnston ushahidi bora kuliko mikanda. Walimwonyesha nyayo zenyewe, za kwato zilizopasuka katikati kama za mbuzi. Hakukubali. Alikuwa ameshajiaminisha kwamba anatafuta punda, na kwato za punda hazijapasuka, hivyo akadhani wanampeleka kwenye nyayo za pofu. Baadaye Karl Eriksson, afisa Mswidi aliyekuwa akihudumu Beni, alimpelekea ngozi nzima pamoja na mafuvu, na ubishi ukaishia mdomoni mwa mnyama: chonge la taya la chini lina ncha mbili, alama ambayo kwa wanyama walio hai leo hupatikana kwa twiga na okapi tu. Mwaka 1901 Ray Lankester alimtoa okapi kwa farasi, akamweka na twiga na kumpa jina la Okapia.

Nimekirefusha kisa hiki makusudi. Wengi wanaopinga mageuko, na wengi wanaoyatetea pia, hudhani kwamba hoja nzima ni kufanana kwa sura. Hapa sura ndiyo iliyodanganya. Mistari ilisema punda milia. Jino na kwato vikasema twiga. Zaidi ya karne moja baadaye swali likaulizwa upya kwa njia ambayo Johnston asingeiota. Mwaka 2016 Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzake, akiwemo Douglas Cavener wa Marekani, walichapisha jenomu ya twiga na ya okapi, wakazilinganisha herufi kwa herufi. Walikadiria kwamba koo hizi mbili ziliachana miaka milioni 11.5 iliyopita. Jeni zipatazo 70 za twiga zilikuwa na dalili za kubadilika kuendana na maisha yake, baadhi zikihusu mifupa, nyingine moyo na mishipa ya damu. Mojawapo, iitwayo FGFRL1, ilikuja kupandikizwa kwa panya na watafiti wa China, ambao walichapisha matokeo mwaka 2021. Panya hao hawakurefuka shingo. Walipata mifupa iliyoshikamana zaidi, na mioyo yao ikavumilia shinikizo la damu kuliko ya panya wa kawaida. Mnyama anayepandisha damu hadi kichwani mita kadhaa juu anauhitaji uvumilivu huo.

Shingo yenyewe inastahili kutazamwa. Twiga ana pingili 7 za shingo. Okapi 7. Wewe 7, na panya wa jikoni 7. Shingo ya twiga haikuongezewa pingili, zilezile zimerefushwa. Na kati ya shingo ndefu na fupi kuna masalia ya Samotherium, mnyama wa ukoo huohuo aliyeishi Ulaya na Asia miaka milioni 7 hivi iliyopita, ambaye shingo yake ni ya katikati.

Halafu kuna neva ya sauti. Kutoka kwenye ubongo hadi kwenye zoloto ni safari fupi, lakini tawi la kushoto la neva hiyo halisimami linapofika. Linapita, linashuka hadi kifuani, linazunguka chini ya mshipa mkuu utokao moyoni, ndipo linapanda tena kooni. Kwetu ni mzunguko wa sentimeta kadhaa za ziada. Kwa twiga, njia nzima inapita mita 4. Samaki ana neva inayolingana na hiyo, nayo huenda kwenye matamvua bila kuzunguka popote, maana moyo wake uko hapohapo na shingo hana. Wanabiolojia husema mzunguko huu ni urithi wa ramani ya zamani, iliyovutwa kadiri shingo ilivyorefuka.

Wapinzani wana jibu, na si jibu la kijinga: neva hiyo ikiwa njiani hutoa matawi ya kwenda kwenye moyo, koromeo la chakula na koromeo la hewa, hivyo huenda mzunguko una kazi. Hata hivyo wapasuaji wa rovu wanajua kwamba watu wachache, chini ya 1 kwa kila 100, huzaliwa na neva ya kulia inayokwenda moja kwa moja kwenye zoloto. Wanaongea, wanameza na kuimba kwaya kama sisi. Njia ya mkato inafanya kazi. Ila si ile tuliyorithi wengi wetu.

Je, wajua kwamba moja ya takwimu zilizowasumbua sana madaktari wa karne iliyopita ilitoka ng'ambo tu ya Semliki? Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha vipimo vya damu kutoka pembe mbalimbali za Uganda. Walikuwa wakitafuta chembe zinazojikunja kama mundu, ambazo mtu akizirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu, ugonjwa ambao huku Kongo wengi wanauita SS. Miongoni mwa Waamba wa Bwamba, waliokuwa na urithi wa mzazi mmoja walifikia 45 kwa kila 100. Kwa Wahima wa nyanda za malisho walikuwa wachache mno.

Fikiria ugumu wake. Zama zile watoto wenye SS walikuwa wakifa wadogo, kabla ya kuzaa. Jeni inayoua hivyo ilipaswa kupungua kila kizazi. Mbona bondeni Bwamba ilikuwa imejaa?

Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alishuku malaria. Nchini Uganda alipima watoto 290. Miongoni mwa 43 waliokuwa na urithi wa mzazi mmoja, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Miongoni mwa 247 wasiokuwa nao, 113. Kisha akafanya jaribio: wanaume 30 Wajaluo waliojitolea, nusu wakiwa na urithi huo, waliambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio nao, 14 waliugua. Kati ya 15 walio nao, 2. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Kwa hiyo anayerithi kwa mzazi mmoja hupata kinga, anayerithi kwa wote wawili hulipia, na idadi yao hupanda na kushuka kulingana na mbu wa mahali. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote katika eneo letu: herufi moja ya jeni inajulikana, ugonjwa unaochuja unajulikana, na ramani za vyote viwili zinalandana. Sijawahi kusikia mhubiri akiupinga. Hoja huwa ni kwamba mtu amebaki mtu, na hilo ni kweli. Mchujo huo, uitwao uteuzi wa asili, haujawahi kudai kwamba lazima kila mara utoe kiumbe kipya.

Sasa samaki. Kapiteni anayeuzwa Bunia ndiye sangara wa Mwanza na mputa wa Uganda. Ziwa Victoria halikuwa naye. Alipelekwa huko miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na wengi wa waliopandikizwa walitoka katika Ziwa Albert letu. Mwanabiolojia Geoffrey Fryer alionya kwa maandishi mapema, mwaka 1960, hakusikilizwa. Ilipofika miaka ya 1980 sangara alikuwa amefagia furu, wale samaki wadogo waliokuwa na spishi zipatazo 500, zilizochipuka katika ziwa ambalo lilikuwa limekauka miaka kama 15,000 tu iliyopita. Inakadiriwa kuwa spishi 200 hivi zilitoweka.

Frans Witte na kikosi cha watafiti kutoka Leiden, waliokuwa wakivua na kuhifadhi samaki kwenye Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970, walishuhudia jambo la ajabu. Furu mmoja, Haplochromis pyrrhocephalus, aliadimika karibu na kutoweka kisha akarudi miaka ya 1990. Alipolinganishwa na ndugu zake waliokuwa kwenye chupa za zamani, matamvua yake yalikuwa yamepanuka kwa zaidi ya nusu, na umbo la mwili limebadilika. Maji ya ziwa yalikuwa yamepungukiwa na oksijeni, na adui mwenye kinywa kikubwa alikuwa kila mahali. Miongo miwili tu.

Lakini hapa mwenye shaka ana haki ya kusimama. Furu akilelewa katika maji yenye oksijeni kidogo anaweza kukuza matamvua makubwa bila jeni zake kubadilika hata kidogo, na wanasayansi wenyewe wanajadiliana ni kiasi gani cha mabadiliko yale kilirithiwa na kiasi gani ni mazingira. Mjadala wa kweli kuhusu ushahidi unafanana na huu: una vipimo, una chupa, na kila upande unaweza kusema ni kitu gani kingeubadilisha mawazo.

Kisa kingine cha ukoo uliofichika, kwa kifupi: mwaka 1913 Mmarekani James Chapin aliona unyoya usio wa kawaida kwenye kofia ya mtu huko Avakubi, katika msitu wa Ituri. Aliutunza. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliwakuta ndege wawili waliokaushwa na kuandikwa kimakosa kuwa tausi wachanga wa India. Unyoya ulikuwa wao. Tausi wa Kongo ndiye tausi pekee wa Afrika, na ndugu zake wa karibu walio hai wako Asia.

Na kanisani je? Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba mageuko sasa ni zaidi ya dhana ya kubahatisha, huku akishikilia kwamba roho ya mtu hutoka kwa Mungu moja kwa moja. Jijini Nairobi mambo yalikuwa moto zaidi. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya Wapentekoste kutaka Makumbusho ya Taifa yasivipe visukuku vya binadamu wa kale nafasi ya mbele. Mtafiti wa visukuku Richard Leakey alimjibu kwa ukali. Kilichokuwa kikigombewa zaidi ni Kijana wa Turkana, kiunzi cha mifupa chenye miaka ipatayo milioni 1.5, kilichogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008 baada ya ukarabati, na kiunzi kikawekwa wazi kwa watazamaji.

Visukuku navyo vina kesi ambazo hazijaamuliwa, mojawapo kwenye mto wetu. Huko Katanda, Semliki ya juu, Alison Brooks na John Yellen walichimbua mikuki ya mfupa yenye miiba, iliyoambatana na mabaki ya kambare wakubwa, wakaipa umri wa miaka kama 90,000. Sehemu nyingine nyingi mikuki ya aina hiyo huonekana muda mrefu baadaye, kwa hiyo wapo wanaakiolojia ambao hadi leo hawaridhiki na tarehe hiyo. Hapana anayewatuhumu kwa kukosa imani.

Jambo la mwisho linahusu duka la dawa. Mwaka 2021 watafiti waliofanya kazi Gulu, kaskazini mwa Uganda, walichapisha taarifa kwamba baadhi ya vimelea vya malaria vilichelewa kufa kwa artesuneti, dawa ya kundi lilelile la dawa mseto zinazotolewa Bunia. Vilikuwa na mabadiliko kwenye jeni iitwayo kelch13, na uchunguzi ulionyesha kwamba havikuletwa kutoka Asia, ambako usugu huo ulijulikana kwanza. Vilitokea vyenyewe hukuhuku Afrika Mashariki.