Kakamega Forest: Masaa Matatu Msituni na Mbogi Hujui, Hivi Ndivyo Inaendanga

Wasee wa Nairobi wakisema wanaenda msitu, mara mingi ni Karura ama Ngong. Fiti, lakini huo si msitu wa mvua kama ule wa Kongo. Kenya tumebaki na mmoja tu wa aina hiyo, na uko Kakamega. Kitambo sana msitu huu ulikuwa umeshikana na ule wa Kongo, ukipitia Uganda mpaka huku kwetu. Watu wakalima, wakajenga, halafu miaka ya 1930 dhahabu ikapatikana Kakamega na migodi ikataka mbao. Kilichobaki ni kama kilomita mraba 240, na hata hapo ndani kuna mashamba na vijiji.

Uko na form mbili. Buyangu iko kaskazini, upande wa barabara ya kwenda Webuye, na inasimamiwa na KWS. Hapo unalipa kupitia eCitizen, so maliza hiyo maneno ukiwa bado na network. Isecheno iko kusini, chini ya KFS. Unatoka Kakamega town na mathree mpaka Shinyalu, halafu nduthi inakumalizia safari. Kama ni mara yako ya kwanza na unataka kutembea na guide wa mtaa, mimi ningeenda Isecheno.

Ukifika solo ama mkiwa wawili, kuna uwezekano mtaunganishwa na watu wengine. Hapa ndio kuna drama. Utapata couple imevaa viatu vyeupe, wanafunzi watatu wa campo, na mzee mmoja na binokula kubwa kuliko kichwa yake. Huyo mzee atasimama dakika ishirini juu ya ndege ndogo kama kidole. Usimkasirikie. Kwa msitu mnene huoni kitu ukitembea mbio, unaona ukisimama. Kukaa nyuma ya mtu wa ndege ndio bahati yako ya kumuona yule turako mkubwa wa bluu. Mwenye kuleta spika ya bluetooth ndiye mnafaa kumwangalia vibaya. Akiiwasha, nyani wote wamehepa na doo za kila mtu zimeenda.

Simba na ndovu usitarajie, na ndio maana unaruhusiwa kutembea na miguu. Ila ingiza suruali ndani ya soksi. Siafu huvuka njia wakiwa laini nzima, na ukisimama hapo kupiga selfie watapanda kimyakimya mpaka magotini kabla mmoja aanze kuuma. Guide akisema "siafu," ruka, songa mbele, maswali baadaye. Na usitoke kwa njia. Kuna nyoka anaitwa Gaboon viper anayefanana kabisa na majani makavu, na hahepi ukikaribia. Analala tu hapo.

Mbega ndio mastaa. Wale weusi na manyoya meupe yananing'inia kama shuka. Mwangalie mikono vizuri: hana kidole gumba. Anakula majani mengi, na tumbo lake linayachachusha kidogo kama la ng'ombe, ndio maana masaa mingi amekaa tu juu akisaga. Kwa picha, hakuna mnyama rahisi kuliko yeye. Hondohondo utamsikia kabla umuone, mabawa yake yanapuliza kama feni mbovu ya hoteli.

Guide mzuri atakuonyesha pia mti ulioua mwenzake. Ndege anaangusha mbegu ya mugumo juu ya tawi, mizizi inashuka mpaka chini, inakumbatia ule mti wa kwanza mpaka unakufa na kuoza. Unabaki na mugumo wenye shimo katikati. Halafu kuna Prunus africana, ule gome lake hutengenezwa dawa ya tezi dume na kuuzwa nje. Ukitolewa gome pole pole unapona. Ukizungushwa wote, umekufa.

Na mukombero, tafadhali. Ile mizizi mnatafuna mkijidai imewapa nguvu za usiku. Kinachouzwa ni mzizi, so aking'oa mtu, mmea umeisha hapo. Imevunwa msituni mpaka ikawa shida kuipata, na wakulima wa karibu wakaanza kuipanda kwa shamba. Ukinunua, uliza imetoka wapi. Muuzaji wa shamba atakujibu haraka, hata atakuonyesha.

Sasa ganji. Kule Isecheno, guides wa mtaa walianzisha KEEP mwaka 1995, kikundi cha kufunza watu wa hapo kuhusu msitu. Guide wa hivi mara mingi analipwa kwa ile raundi mmetembea. Hakuna watalii, hakuna kitu ya jioni. Na kijana wa Shinyalu ako na njia zingine za kupata doo kwa huo msitu, ikiwemo makaa. Kwa hivyo ulizeni bei mkiwa getini, mmoja akusanye, atume M-Pesa moja kabla mwanze. Kwa kila mbogi kuna yule wa "nitakutumia nikifika," na simu yake huzimanga Kisumu.

Kama miguu bado iko, itisha Lirhanda. Ni kilima karibu na Isecheno, na kuna handaki ya zamani ya dhahabu ambayo sasa ni ya popo. Inama, na usipige kelele. Juu kileleni unaona msitu ukiisha ghafla: kijani kizito, halafu mashamba ya watu. Wengi hupanda kuona jua likitoka, maanake mchana mvua hupenda kuja. Hiyo inamaanisha kuamka kama saa kumi usiku, so ongea na guide jioni ya kabla. Tochi beba yako.