Mashindano ya Silaha: Maana Yake na Mipaka Yake

Istilahi hii kwa Kiarabu ni *sibaaq at-tasalluh*. Sibaaq ni kushindana mbio, na tasalluh ni kujizatiti kwa silaha. Katika siasa, maana yake ni pande mbili zinazohofiana, kila upande ukiongeza silaha kwa kuwa mwenzake ameongeza. Mfano mashuhuri ni Marekani na Urusi ya Kisovieti, hasa baada ya Urusi kujaribu bomu lake la kwanza la atomiki mwaka 1949.

Istilahi hii isichanganywe na *musaabaqa* ya mafaqihi. Hiyo ni mashindano ya kulenga mishale na mbio za ngamia na farasi, ambayo Mtume (s.a.w.) ameruhusu kuwekewa zawadi. Musaabaqa hujenga ustadi, ilhali sibaaq at-tasalluh hulimbikiza khofu.

Kwetu Kibondo na Kasulu jambo hili si la mataifa makubwa tu. Vita vya Burundi vilivyoanza 1993, na vya Kongo vya 1996, vilileta maelfu ya wakimbizi waliokimbia bunduki. Lakini bunduki nazo zilivuka mpaka, zikaangukia mikononi mwa majambazi. Jambazi akiwa na bunduki, mwanakijiji naye hutafuta gobore kwa siri, na jirani yake akisikia hutafuta lake.

Wapo wanaolihalalisha hilo kwa Suratul-Anfaal, aya ya 60, inayoamrisha kuandaa nguvu. Ndugu Waislamu, aya hiyo inausemesha umma wenye uongozi, na makusudio yake ni kumzuia adui asishambulie. Aya ya 61 inaamrisha kuielekea amani adui akiielekea. Haimruhusu mtu kujiwekea silaha ya siri dhidi ya jirani yake.

Ni kweli sheria inamruhusu mtu kujihami nafsi yake na mali yake. Lakini kujihami ni jambo moja, na kueneza silaha wakati wa fitna ni jingine. Imam Bukhari ameweka mlango kuhusu kuuza silaha wakati wa fitna, akataja kuwa sahaba Imran bin Huswayn (r.a.) alilichukia jambo hilo.

Tanzania nayo ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004 ya kudhibiti silaha ndogo ndogo. Hivyo imamu anapoulizwa kuhusu gobore lisilo na kibali, ajibu kwamba lisalimishwe, na ulinzi wa kijiji uwe wa pamoja na wa wazi.

Wallaahu a'lam.