Anayebeba Mawe Ndiye Alinde Bwawa

Katika mito ya msimu ya Kasikeu na kwingineko Makueni, Kenya, maji hupita kwa kishindo mvua inaponyesha, kisha hubaki mchanga mkavu. Mkavu kwa juu tu: wenyeji wamechimba visima mchangani tangu zamani, na maji huyapata. Bwawa la mchanga huikuza akiba hiyo ya asili. Uhandisi wake si mgumu. Kigumu ni kupata watu watakaolijenga na kulitunza miaka mingi baada ya wafadhili kuondoka, na hapo Ukambani, eneo la Wakamba, kuna chombo ambacho wizara haiwezi kukiunda kwa waraka: mwethya.

Mwethya ni kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule. Wanakikundi huchagua viongozi wao na kupanga siku za kazi, na kila mmoja anamjua aliyefika na aliyekwepa.

Nguvu ya chombo hiki ilionekana pale amri iliposhindwa. Miaka ya 1930 udongo wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ulikuwa ukichukuliwa na maji. Serikali ya kikoloni ikalaumu wingi wa mifugo na kuamua kupunguza ng'ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga. Kazi ya lazima ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko nayo ilichukiwa. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1950, kazi hiyo ilipopitia vikundi vya mwethya vilivyojichagulia viongozi. Baada ya uhuru, wakulima waliendelea kuchimba matuta bila kusukumwa. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza katika kitabu chao cha 1994 kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu wilayani iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua.

Mabwawa ya mchanga yalifuata njia hiyo. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni huko Kola, Machakos, kilichojenga mabwawa hayo. Upande wa Kitui, shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa pamoja na wanavijiji. Ukuta wa mawe na saruji husimamishwa juu ya mwamba, kukingama mto. Mafuriko huleta mchanga mzito ukatua nyuma ya ukuta. Udongo mwepesi hupita juu na kwenda zake. Baada ya misimu michache bwawa hujaa mchanga, na kati ya chembe zake hukaa maji yanayoweza kufikia robo ya ujazo wote au zaidi. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawazalii humo, na mchanga huyachuja.

Mfadhili huleta saruji na vyuma. Wanakikundi, wengi wao wanawake, huokota mawe, huchota maji na kuchimba msingi. Jasho hilo ndilo hati yao ya umiliki. Ukuta ukipata ufa, haumsubiri afisa kutoka mjini, kwa kuwa wenyewe wako hapo.

Lakini kijiji hakiwezi yote. Majengo ya Nairobi yanahitaji mchanga, na lori linalokuja usiku haliogopi faini ya kikundi. Mchanga ukizolewa, maji huondoka nao. Ndiyo maana kaunti ya Makueni ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Kanuni za mwethya huwafunga wanakikundi. Mgeni mwenye lori hufungwa na sheria. Moja bila nyingine haitoshi.

Kwa hiyo kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujateremshwa Kasikeu au kwingineko, wanakikundi na waje na majibu ya maswali matatu: nani ametunga kanuni za maji haya, nani anashika fedha za ukarabati na kuzitolea hesabu hadharani, na nani katika kaunti atachukua hatua mchanga ukiibwa? Mawili ya kwanza yajibiwe na kijiji chenyewe. La tatu ni deni la serikali, na wananchi wana haki ya kulidai.